Mbuzi, Ulezi na Cherehani: Bei ya Kwenda kwa Fundi

Mbuzi aliyenilipia ufundi alikuwa jike jeusi, mwenye mimba. Baba alimfunga kamba majogoo, siku moja ya mwaka 1985, tukatoka naye Nyamwaga kwenda Tarime mjini kwa miguu, mimi nikiwa na debe la ulezi kichwani. Tulifika jua limeshapinda. Nilikuwa na miaka 17, darasa la saba nimelimaliza mwaka uliotangulia, na jina langu halikuwamo kwenye orodha ya waliochaguliwa sekondari. Fundi alimfungua mbuzi mdomo akamtazama meno, akampapasa tumbo, akasema, "Huyu atazaa mwezi huu." Mikono yangu hakuitazama.

Makubaliano yalifanyika palepale barazani, kwa mdomo. Miaka miwili. Mbuzi na ulezi ndiyo kiingilio. Mchana nitakula kwa fundi, usiku nitalala kwa shangazi yangu. Sindano nikiivunja, nainunua. Malipo hakuna mpaka siku nitakayoshona suruali nzima na mteja asiirudishe.

Leo nina cherehani nne Mugumu, na vijana waliopita mikononi mwangu wamezidi thelathini. Mzazi akija, swali lake la kwanza ni lilelile: "Mama, ada shilingi ngapi?" Namjibu, lakini najua ameuliza kidogo. Katika nchi hii yetu, kuanzia Sirari hadi Ikoma, ada haijawahi kuwa gharama kubwa ya kujifunza ufundi. Nimeona niieleze habari hiyo kwa kufuata mlolongo wa walionifundisha, na waliowafundisha wao.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mngoreme. Alisema zamani hakuna aliyempeleka mwanawe kwa mhunzi. Uhunzi ulikuwa wa Waturi, nao walizaliwa ndani yake. Wanaume walifua majembe, mikuki na vichwa vya mishale, wanawake wao walifinyanga vyungu. Mtoto alianza kwa kuvuta mivukuto kabla hajajua kuchunga, na hakutozwa kitu. Lakini Mturi hakuoana na watu wengine. Wakulima na wafugaji walinunua jembe lake, wakapikia chungu cha mkewe, na binti yao wakamnyima. Bibi aliyasema hayo bila kushangaa, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Mimi ndiye niliyeshangaa, kwa sababu kati ya bei zote nilizowahi kusikia, hiyo ndiyo iliyolipwa maisha mazima.

Ufundi wa kushona haukuwa na ukoo. Ulikuja na kitambaa cha dukani. Fundi wangu alijifunza kwa mzee mmoja aliyekuwa askari wa KAR, jeshi la Mwingereza ambalo Wakurya waliingia kwa wingi. Mzee huyo alikuwa Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kushona alifundishwa karakana ya jeshi, akirekebisha sare za wenzake. Nimelipigia hesabu jambo hili mara nyingi. Katika mlolongo wetu wote, aliyejifunza huku analipwa mshahara, anakula na kulala bure, ni huyo mmoja tu, na aliyemlipia alikuwa mfalme aliyetaka askari.

Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya uanagenzi mwaka 1940, yenye mikataba ya maandishi. Hiyo ilikuwa ya viwanda na miji mikubwa. Kwenye misheni, kijana aliweza kushika mwiko wa uashi au randa kwa sababu padri au mchungaji alikuwa anajenga. Wamennonaiti walifika Shirati mwaka 1934, na mapadri wa Maryknoll wakaja Musoma mwaka 1946. Mahali pengine palipobaki ni baraza la duka la Mhindi. Mwenye duka alikupimia kitambaa, ukageuka, fundi yuko hapohapo na cherehani. Mzee wa Burma alikaa kwenye baraza la namna hiyo, na fundi wangu akaenda kwake miaka ya 1950. Alitoa ndama dume na miaka mitatu. Mwaka wa kwanza wote, aliniambia, kazi yake ilikuwa pasi ya mkaa: kuupuliza, kumwaga majivu, na kuhakikisha cheche haidondoki kwenye shati la mtu.

Neno uanagenzi nimelisikia ukubwani, redioni. Sisi tulisema "ameenda kwa fundi", kama tunavyosema "ameenda kisimani".

Halafu ukaja wakati ambao serikali ilitaka kuubeba yenyewe mzigo wa kufundisha. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mji wetu wa mkoa, na Azimio la Musoma likasema elimu ya msingi kwa wote isingoje mwaka 1989 kama ilivyopangwa, ifike 1977. Mwaka huohuo wa 1974 ikapitishwa sheria ya mafunzo ya ufundi stadi. Kuanzia 1975 vikaanzishwa vyuo vya maendeleo ya wananchi, kwa mfano wa vyuo vya Sweden, na Tarime ikapata chake. Mimi ni zao la azimio lile. Bila hilo nisingefika darasa la saba. Lakini shule zilitutoa wengi kuliko nafasi zilizotungoja mbele. Kaka yangu alibahatika kupata useremala katika chuo kimoja cha serikali, mkoa mwingine. Alikula na kulala huko. Siku ya kumaliza alirudi na cheti bila randa, bila msumeno, bila patasi. Cheti kilining'inia ukutani miaka minne, naye analima.

Mwaka niliopelekwa kwa fundi, maduka ndiyo kwanza yanapumua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mpaka na Kenya pale Sirari ukafungwa hadi Novemba 1983. Kwa Mkurya mwenye shamba huku na mjomba upande wa Isebania, kufungwa kwa mpaka kulikuwa kitu cha ajabu, lakini kwa fundi cherehani kulikuwa njaa. Uzi ulipitishwa usiku. Fundi wangu alisimulia jinsi alivyofumua mifuko ya unga apate uzi wa kupigia pindo. Ndiyo maana nilipofika, uzi ulikuwa mwiko. Miezi mitatu ya kwanza nilikanyaga cherehani bila uzi, juu ya karatasi ya mfuko wa saruji. Nilifuata mstari wa chaki, matundu ya sindano yakiachia alama, na fundi aliinyanyua karatasi kwenye jua aone kama mwanga unapita kwa mstari mmoja. Ukikosea, kuna karatasi nyingine. Ukivunja sindano, unaifikiria biashara ya ndizi ya mama yako, maana ndiyo itakayoilipia.

Baada ya karatasi vikaja vifungo, pindo, zipu, mifuko. Lakini kukata hapana. Kila mteja wa suti ya Kaunda alipokuja, fundi alitandika kitambaa, akashika futi kamba, kisha akaniambia, "Hebu nenda sokoni kaniletee mafuta ya cherehani." Nikirudi, kitambaa kimeshakatwa, vipande vimekunjwa. Chupa za mafuta zilijaa kwenye kabati. Simlaumu sana. Mwanafunzi anayejua kukata ni fundi mwenzako kwenye baraza la jirani, na wateja ni walewale. Aliuza mikono yake kwangu kwa mbuzi mmoja, na macho yake akayabakiza.

Kilichonitoa ni mtumba. Miaka hiyo biashara ilifunguliwa, na marobota ya nguo kuukuu kutoka ng'ambo yakaanza kumwagwa kwenye masoko yetu. Mafundi walilia, kwa sababu suruali ya mtumba ilikuwa rahisi kuliko kitambaa kitupu. Mimi nilinunua koti la mwanamume lililochanika mgongoni, nikaenda nalo kwa shangazi. Usiku, kwa kibatari, nililifumua mshono mmoja baada ya mwingine kwa wembe. Nikavitandika vipande sakafuni juu ya magazeti: mgongo, vifua viwili, mikono, kola na bitana. Nikavichora kimoja kimoja. Hapo ndipo nilipoona kwamba mkono wa koti si bomba, una kiwiko ndani yake, na kwamba bega la nyuma linakatwa refu kidogo kuliko la mbele, kisha linavutwa taratibu wakati wa kushona. Nililirudishia koti lile, baba akalivaa kanisani miaka sita. Miaka miwili ilipokwisha, fundi alimwita baba, akampa mbuzi jike mdogo, mjukuu wa yule mweusi. "Huyu ni wa mkasi," alisema. Wa cherehani hakuwepo. Nilikodi cherehani kwa siku, miaka minne, nikimpelekea mwenyewe nusu ya kila nilichopata.

Niliolewa Mugumu mwaka 1991. Miaka mitatu baadaye sheria mpya ikaunda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na waajiri wakawekewa tozo ya kugharamia mafunzo. Siku hizi chuo cha VETA kipo Musoma, na ada ya serikali kwa kozi ndefu ambayo wengi tumeizoea ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Mtu wa mjini akisikia hivyo atasema ni bei ya kuku wachache, na ni kweli. Lakini binti wa Nata hawezi kuwa wa kutwa Musoma. Ana nauli, sabuni, vitambaa vya mazoezi, na mwaka mzima ambao nyumbani hawapati jembe lake. Kwa kijana wa kiume ni vigumu zaidi. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002 pale Nyamongo, na baadaye bodaboda zikajaa kila njia panda. Mwanafunzi wangu mmoja aliondoka wiki ya tatu, akaenda kwenye bodaboda. Alisema, "Mama, hapa nikikaa miezi sita sishiki hata mia. Kule siku moja tu nakula." Nilimwambia, "Mura, ya kule yanakwisha." Alijibu kwamba njaa nayo haisubiri. Sikuwa na jibu.

Mahali ambapo gharama yote inaonekana wazi ni kwenye vituo vinavyowahifadhi mabinti wanaokimbia kukeketwa, kama Masanga kule Tarime na nyumba salama ya hapa Mugumu. Sheria imekataza kuwakeketa walio chini ya miaka 18 tangu 1998, lakini msimu ukifika Desemba bado wanakimbia. Wengine hufundishwa cherehani. Binti huyo hana shangazi wa kulala kwake, wala baba wa kuvuta mbuzi. Kitanda, chakula, sindano, vyote lazima mtu fulani avilipe kwa shilingi. Ukitaka kujua shangazi yangu alinichangia kiasi gani bila mtu kumhesabia, kahesabu pale.

Mimi natoza laki moja kwa miezi sita, na nikiletewa mahindi napokea. Kukata nafundisha mwezi wa pili, kwa kufumua mtumba. Kuanzia mwezi wa tatu, kila zipu unayobadilisha una mia tano yako, kwa sababu namkumbuka yule wa bodaboda. Anayemaliza namkopesha cherehani ya miguu, alipe kwa sare za shule misimu miwili ya Januari. Sare ziliongezeka sana elimu bila malipo ilipoanza 2016. Cherehani ya mwisho kununua, pamoja na meza yake, ilinitoa 320,000. Mbili zimeondoka hazikurudi, na moja nasikia iko Sirari inashona vizuri tu. Wanaotaka karatasi nawaambia VETA siku hizi wanarasimisha ujuzi. Wanakupima unachojua, hata kama ulikijulia barazani, na cheti wanakupa.

Wiki iliyopita alikuja baba mmoja na binti yake. Aliuliza ada, nikamtajia, akatoa noti kwenye soksi akaanza kuzihesabu mezani. Nikamwambia azirudishe kwanza.

"Mchana atakula kwangu," nikasema. "Usiku atalala wapi?"

Akamtazama binti. Binti akatazama cherehani. Nikawavutia viti, tukaanza kuhesabu upya, safari hii tukianzia kitandani.