Mmea Mmoja, Sheria Nyingi: Historia ya Marufuku, Ikitazamwa Kutoka Kashai

Utangulizi

Kutoka Kashai, katika Manispaa ya Bukoba, mtu akipanda basi asubuhi hufika mpakani Mutukula kabla ya adhuhuri. Akielekea upande wa pili kwa kupitia Ngara, jioni atakuwa Rusumo, akitazamana na Rwanda. Katika eneo hilo dogo zipo sheria tatu juu ya mmea mmoja, nao ni bangi.

Kwetu Tanzania Bara, kulima bangi ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 30. Nchini Rwanda, amri ya waziri ya Juni 2021 iliruhusu makampuni yenye leseni kulima bangi ya dawa na kuiuza nchi za nje, lakini Mnyarwanda wa kawaida akikutwa anavuta bado anashtakiwa. Nchini Uganda sheria ya mwaka 2015 ilikataza ulimaji holela, ikaacha mlango wa leseni kwa ajili ya dawa. Mei 2023 Mahakama ya Katiba ya huko iliifuta kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi kutimia, na sheria mpya ikatiwa saini mwanzoni mwa 2024.

Vijana wetu huuliza: inawezekanaje kitu kimoja kiwe sumu upande huu wa mpaka na bidhaa ya kuleta fedha za kigeni upande ule? Swali hili ni la haki. Kada anayelijibu kwa karipio peke yake hajalijibu. Sisi tunakusudia kulijibu kwa njia ya historia, maana sheria, kama mambo yote ya jamii, haikushuka kutoka mbinguni. Ilitungwa na watu, kwa wakati wake, kwa faida ya fulani.

Mwaka wa 1890

Katika historia ya Bukoba, mwaka 1890 unastahili kukumbukwa kwa mambo matatu. Tarehe 1 Julai Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana Afrika Mashariki. Magharibi ya Ziwa mpaka ukachorwa kwa rula, nyuzi 1 kusini ya Ikweta, bila kuwauliza watu wa Kiziba na wa Buddu waliokuwa wakioana na kufanya biashara tangu zamani. Siku iliyofuata, tarehe 2 Julai, madola makubwa yalitia saini Hati ya Brussels. Novemba ya mwaka huo huo Emin Pasha, kwa niaba ya Wajerumani, akaanzisha kituo cha Bukoba.

Hati ya Brussels inasifiwa kwa kupiga vita biashara ya watumwa. Lakini ilikuwa na sehemu ya vileo pia. Kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, pombe kali ilipigwa marufuku pale ilipokuwa haijaingia. Hata hivyo nafasi iliachwa: kiasi fulani kiliruhusiwa kwa wakazi wasio wenyeji. Maana yake ni kwamba Mzungu aliruhusiwa kunywa chupa ile ile ambayo Mwafrika angefungwa kwa kuimiliki. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 uliendeleza msimamo huo, na Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika waliahidi kudhibiti pombe kali kama walivyoahidi kudhibiti silaha.

Tujifunze jambo la kwanza. Marufuku ya kikoloni ilikuwa na maneno mazuri ya kulinda afya, na bila shaka pombe kali ilikuwa ikiharibu watu. Lakini kipimo chake hakikuwa madhara ya kitu. Kipimo kilikuwa rangi ya mnywaji na haja ya mkoloni ya kupata vibarua watulivu.

Rubisi na enkonyagi

Buhaya ni nchi ya migomba. Ndizi za pombe huivishwa, hukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, juisi huchanganywa na mtama uliokaangwa, na baada ya kulala hupatikana rubisi. Rubisi ni ya mahari, ya matanga, ya kuwapoza wagomvi. Serikali ya kikoloni iliiacha, ikaitoza ada. Lakini rubisi ikipikwa na mvuke wake ukapozwa kwenye bomba hupatikana enkonyagi, ambayo wengine huiita gongo na sheria huiita moshi. Hiyo ilikatazwa.

Uhuru ulipopatikana, nchi jirani zilikabili tatizo hili kila moja kwa njia yake. Uganda ilitunga Sheria ya Enguli mwaka 1965: mpikaji mwenye leseni aliruhusiwa kupika, lakini amuuzie mwenye kiwanda, na kiwanda kiisafishe na kuitia chupani kwa jina la Uganda Waragi. Bunge letu lilitunga Sheria ya Moshi mwaka 1966, ikafanya kupika, kuuza na hata kukutwa na moshi bila kibali kuwa kosa. Kenya ilishikilia marufuku ya chang'aa kwa miaka mingi, kisha mwaka 2010 Bunge lake likaihalalisha kwa masharti ya leseni na usafi.

Kwa maandishi, Uganda na Tanzania zote zilizungumza habari ya leseni. Lakini leseni ilimfikia nani? Mama mpishi wa Kashai hana fedha za kujenga jengo la kupikia, hana mizani ya kupimia ukali, hana mtu wa kumjazia fomu. Kila aliyekulia mitaa yetu anamjua mama aliyesomesha watoto kwa chungu hicho, akamwaga pipa zima usiku aliposikia mgambo wanakuja. Anamjua pia kijana aliyekufa kwa kunywa kisichopimwa. Yote mawili ni kweli, na uchambuzi unaotaja moja na kuficha jingine si uchambuzi. Konyagi ya kiwandani ikauzwa dukani kwa risiti, na enkonyagi ya mnyonge ikaendelea kupelekwa mahakamani.

Bangi: kutoka Geneva hadi New York

Jina lenyewe bangi latuonyesha njia ulikopita mmea huu: limevuka Bahari ya Hindi kutoka Bara Hindi. Ulikuwamo Afrika ya Mashariki na ya Kati kwa karne nyingi kabla ya wakoloni, ukitumiwa kwa kiasi na desturi zilizotofautiana.

Marufuku ya kimataifa ilianzia Geneva mwaka 1925, Misri ilipodai kwa nguvu bangi iingizwe katika mkataba wa kasumba. Afrika Kusini ya makaburu ilikwisha kupeleka ombi kama hilo mwaka 1923. Mataifa mengi ya Afrika hayakuwa na kiti, kwa sababu yalikuwa makoloni. Mwaka 1961 mkataba mmoja wa dawa za kulevya ulitiwa saini New York. Bangi ikawekwa katika orodha kali kuliko zote, na nchi zilizokuwa na desturi ya kuitumia zikapewa miaka 25 kuikomesha. Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa iliiondoa katika orodha hiyo kali kwa kura 27 dhidi ya 25, lakini ikabaki chini ya udhibiti.

Kada asikose kuona jambo hili. Mkataba wa 1961 wenyewe, katika kifungu cha 28, unaruhusu nchi kulima bangi kwa ajili ya dawa, mradi chombo cha serikali kisimamie na kukusanya mazao. Kwa hiyo Rwanda na Uganda hazikuvunja mkataba kwa kutoa leseni. Wanaosema kwamba jirani amehalalisha bangi hawasemi kweli. Jirani ameruhusu kampuni, hakumruhusu mvutaji.

Fundisho la Marekani

Wapo wanaotuambia tuifuate Marekani. Basi tuitazame. Mwaka 1970 Bunge la shirikisho liliiweka bangi katika daraja la juu kabisa la dawa zilizokatazwa. Mwaka 1996 wapiga kura wa jimbo la California waliiruhusu kwa wagonjwa. Mwaka 2002 askari wa shirikisho waliingia nyumbani kwa mgonjwa mmoja wa jimbo hilo wakang'oa miche yake 6, ambayo kwa sheria ya jimbo ilikuwa halali. Shauri lilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2005 majaji 6 dhidi ya 3 waliamua kwamba Bunge la shirikisho linaweza kukataza hata bangi iliyolimwa uani, kwa mamlaka yake juu ya biashara kati ya majimbo.

Lakini mahakama hiyo hiyo ilikwisha kuamua mwaka 1997 kwamba serikali ya shirikisho haiwezi kuwalazimisha watumishi wa majimbo kuitumikia sheria yake. Askari wa shirikisho ni wachache. Matokeo yake, Colorado na Washington ziliihalalisha kwa watu wazima mwaka 2012, zikafuatwa na majimbo mengine hadi yakazidi 20, huku sheria ya shirikisho ikibaki kitabuni. Mwaka 2013 Wizara ya Sheria iliwaagiza waendesha mashtaka walegeze, Januari 2018 ikafuta agizo. Duka lenye leseni ya jimbo likakataliwa na mabenki, likahesabu fedha taslimu kama jambazi. Na kabla ya hapo, kwa uchunguzi uliotolewa mwaka 2013, Mmarekani mweusi alikuwa anakamatwa kwa bangi zaidi ya mara 3 kuliko mweupe, ingawa matumizi yao hayakupishana sana. Walipofungua maduka, wenye mtaji walinunua leseni na waliofungwa wakabaki na rekodi ya jela.

Hili ndilo fundisho. Sheria mbili zinapogongana juu ya kitu kimoja, anayeumia si mwenye wakili. Ni yule asiyejua ni sheria ipi itakayomfikia leo.

Sisi tumesimama wapi?

Katika Muungano wetu Polisi ni jambo la Muungano, lakini sheria ya jinai si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria na mamlaka yake ya dawa za kulevya, na Bara ina yake. Hazijagongana, kwa sababu pande zote mbili zimekataza. Halmashauri zetu nazo, kwa sheria za mwaka 1982, hutunga sheria ndogo, lakini sheria ndogo haiwezi kupinga sheria ya Bunge. Manispaa ya Bukoba yaweza kutoa kibali cha kilabu cha rubisi. Haiwezi kuhalalisha gongo, wala bangi.

Mgongano wetu uko katika Jumuiya. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, lakini mirungi ni zao la biashara kwa mkulima wa Meru nchini Kenya na ni dawa ya kulevya kwa mkulima wa Same. Mpaka wa rula wa mwaka 1890 bado unaamua nani mkulima na nani mhalifu.

Wajibu wa makada

Kwanza, tuseme wazi kwamba sheria ya nchi inakataza, na kijana wa Kashai anayebebeshwa mzigo Mutukula kwa malipo kidogo ndiye atakayetumikia miaka 30, si aliyemtuma. Kumficha ukweli huo ni kumsaliti.

Pili, tusiitetee sheria kwa uongo. Bangi na gongo vina madhara, hasa kwa vijana, na hayo yanatosha kuelezwa kama yalivyo.

Tatu, tuuchimbe mzizi. Mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulipovunjika mwaka 1989 bei iliporomoka, na tangu 2006 mnyauko ukaingia migombani Kagera. Mkulima aliyepoteza kahawa na ndizi hutafuta kitu kingine cha kuuza. Kumnyang'anya bila kumpa zao lingine, mkopo na ushirika hai ni kumsubiri arudi.

Nne, ikitokea siku Bunge letu likajadili leseni, swali la kada lisiwe tu iruhusiwe au isiruhusiwe. Aulize leseni itakuwa ya nani. Ikiwa ni ya kampuni yenye mtaji wa kigeni, huku mkulima akibaki kibarua na wafungwa wakibaki gerezani, basi tutakuwa tumerudi kwenye Hati ya Brussels: ruhusa kwa wachache, marufuku kwa wengi. Tofauti ni kwamba safari hii kipimo hakitakuwa rangi, kitakuwa mfuko.