Nani Awekwe Kuongoza Mafundisho ya Ushauri? Fundisho la Historia Kutoka Nchi ya Songwe

1. Utangulizi

Chuo cha theolojia kinapotaka kuanzisha masomo ya uzamili katika ushauri, swali la kwanza kikaoni huwa ni la fedha, na la pili ni la majengo. Swali la mtu atakayeyaongoza masomo hayo huja mwishoni, nalo hujibiwa upesi: atafutwe mwenye shahada ya juu kuliko wenzake. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba swali hilo la mwisho lilipaswa kuwa la kwanza, na kwamba jibu lake ni zito zaidi. Tutaongozwa na historia, hasa ya nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ambayo sehemu yake tangu mwaka 2016 inaitwa Mkoa wa Songwe. Mji wake wa mpakani, Tunduma, utatusaidia kuliona jambo hili waziwazi.

2. Waliokaa na kusikiliza

Wamisionari wa Berlin na wa Moravian waliingia katika Nyanda za Juu za Kusini mwaka 1891. Mwaka 1899 Wamoravian walifungua kituo cha Mbozi kati ya Wanyiha. Watu waliowakuta walikuwa wamejeruhiwa. Misafara ya watumwa na vita vya watawala vilikuwa vimetenganisha mama na mtoto, mume na mke, ndugu na ndugu. Wengi waliofika kwenye vituo vya misioni walikuwa wamekatwa kutoka katika koo zao.

Katika misioni hiyo alikuwapo mama mmoja, Elise Kootz-Kretschmer, anayejulikana kwa kazi yake kubwa juu ya Wasafwa. Yeye aliandika habari za maisha za watu wa aina hiyo, wakiwamo akina mama Narwimba na Chisi, kama walivyozisimulia wenyewe. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright alizitoa katika kitabu chake juu ya watumwa na wanawake wa Afrika ya Mashariki na Kati. Anayezisoma hawezi kukosa kuona kwamba nyuma ya kila ukurasa yupo mtu aliyekubali kukaa chini na kunyamaza ili mwingine aseme. Hakuna aliyeita kazi hiyo ushauri wakati huo. Hata hivyo, mtu aliyenunuliwa na kuuzwa kama mali alipewa nafasi ya kusimulia maisha yake kama yake mwenyewe, na hiyo ni sehemu kubwa ya uponyaji.

Huko Mbozi alikuwapo Traugott Bachmann. Mwanzoni alikuwa mtu wa amri, mwenye kupinga desturi nyingi za Wanyiha. Lakini miaka ya kujifunza lugha yao, kutafsiri Agano Jipya na kushauriana na wazee ilimbadilisha. Alikiri kwamba alikuwa amehukumu mambo asiyoyafahamu, na baadaye akawa na msimamo wa upole kuliko wenzake, hata katika suala gumu la wanaume wenye wake wengi. Mtu anaweza kutokubaliana na uamuzi wake huo. Lakini tusipite bila kuona jambo moja: mwalimu alikubali kusahihishwa na watu aliotumwa kuwafundisha.

3. Ushauri unapoingia chuoni

Kanisa la Kilutheri haliwezi kusema kwamba ushauri ni jambo geni kwake. Katika Makala ya Smalkald ya mwaka 1537, Luther aliyataja mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu pamoja na Neno, Ubatizo, Meza ya Bwana na uwezo wa funguo, kuwa njia ambazo Injili hutusaidia kwazo. Lakini vyuoni, kwa muda mrefu, jambo hili lilifundishwa kama kiambatisho cha mahubiri.

Mabadiliko makubwa yalitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1920 mchungaji Anton Boisen wa Marekani aliugua akili na kulazwa hospitalini. Alipopona hakuificha habari hiyo. Mwaka 1925, akiwa mchungaji wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, aliwakusanya wanafunzi wachache wa theolojia wajifunze kando ya vitanda vya wagonjwa. Alifundisha kwamba mtu anayeteseka asomwe kwa uangalifu uleule tunaousomea vitabu. Hapo ndipo ulipokuwa mwanzo wa Elimu ya Uchungaji wa Kliniki, ambayo wachungaji wengi wa Tanzania wameipata katika hospitali ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Afrika nayo haikupokea tu. Mchungaji Masamba ma Mpolo wa Kongo alionyesha kwamba mgonjwa wa Kiafrika hawezi kueleweka akitengwa na ukoo wake, na kwamba hofu ya uchawi haiondoki kwa kuchekwa. Mshauri asiyejua kuzungumza na ukoo mzima hushughulika na nusu ya mgonjwa.

4. Tunduma: barabara, reli na UKIMWI

Baada ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini kujitangazia uhuru mnamo Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia ya kufika baharini kupitia Tanzania. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, barabara kuu ikajengwa, na kati ya 1970 na 1975 ikajengwa reli ya TAZARA yenye urefu wa kilometa 1,860. Tunduma ikawa mlango. Mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde ili kupunguza foleni za malori.

Njia hiyo imeleta riziki, nayo imeleta majonzi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka michache ugonjwa ulikuwa umeenea katika mikoa yote. Miji ya barabarani iliumia sana. Mwaka 1989 kikaanzishwa chama cha WAMATA, ambacho mwanzilishi wake, Theresa Kaijage, aliona kwamba wagonjwa na jamaa zao walihitaji mtu wa kuwasikiliza hata pale ambapo dawa hazikuwapo. Maneno "ushauri nasaha" yakaingia katika kila zahanati.

Wachungaji tulikutwa hatuko tayari. Nakumbuka, nikiwa bado mwanafunzi, nilivyotumwa kwa mjane mmoja kando ya barabara hiyo. Nilimsomea vifungu saba nikaomba, kisha nikaaga. Nilipofika mlangoni aliniuliza, "Mwanangu, mbona hujaniuliza alikufaje?" Sikuwa na jibu, na hakuna somo chuoni lililokuwa limeniandaa kwa swali hilo.

5. Sifa za atakayeitwa

Kutokana na historia hii tunaweza kutaja sifa nne. Kwanza, awe msomi wa kweli. Masomo ya uzamili yanahitaji msimamizi mwenye shahada ya uzamivu, na upendo hauchukui nafasi ya elimu. Mshauri asiyejua dalili za ugonjwa wa akili anaweza kuua. Pili, kama Boisen, awe ameketi na wanaoteseka, naye mwenyewe awe amesimamiwa na mwingine katika kazi hiyo. Tatu, kama Bachmann, awe tayari kusahihishwa na watu anaowahudumia, na ajue lugha yao; huko Tunduma, Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka. Nne, ajue kutunza siri, kwa maana katika mji mdogo siri iliyotoka kwa mchungaji hairudi.

Wengine watasema kwamba sifa hizi hazipimiki, ila vyeti hupimika. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa kamati isiyo na vipimo huishia kuchagua jamaa na rafiki. Lakini zipo njia. Mwombaji asiombwe kutoa mhadhara tu. Aeleze pia tukio moja la ushauri alilolishughulikia, majina yakiwa yamefichwa, na aseme wapi alikosea. Asiyekumbuka kosa hata moja amejieleza vya kutosha. Tena, kikaoni awepo muuguzi wa siku nyingi, na mama mzee wa usharika. Hata mitume, katika Matendo 6, hawakuwachagua wale saba wao wenyewe. Waliutaka mkutano wa wanafunzi uwatafute walioshuhudiwa wema. Na akishapatikana, asizikwe katika makaratasi ya ofisi hata akakosa muda wa kuwasimamia wanafunzi wake wodini.

6. Hitimisho

Huenda mtu mwenye sifa zote nne asipatikane mwaka huu. Basi ni afadhali chuo kingoje, au kimsomeshe mchungaji au muuguzi aliyekwisha kuthibitishwa na kazi, kuliko kufungua milango kwa haraka. Atakayewekwa hatafundisha darasa moja tu. Kila mwanafunzi wake atakwenda kukaa mbele ya mamia ya watu, na kwa namna alivyofundishwa, atawasikiliza au atawasomea vifungu saba na kuaga.