Bunge la Uskoti, Holyrood

Bunge hili lilitokana na kura ya maoni ya Septemba 1997 na Sheria ya Uskoti ya 1998. Lilikabidhiwa mamlaka tarehe 1 Julai 1999. Jengo lake la Holyrood, Edinburgh, lililosanifiwa na Enric Miralles, lilifunguliwa rasmi mwaka 2004.

Madaraka
Sheria hiyo ya 1998 huorodhesha mambo yaliyobaki mikononi mwa Bunge la Uingereza mjini London, yakiwemo ulinzi, mambo ya nje, uhamiaji na sarafu. Jambo lisiloorodheshwa ni la Bunge la Edinburgh: afya, elimu, polisi na mahakama ni miongoni mwake.

Wabunge
Wako 129. Kati yao, 73 huchaguliwa majimboni na 56 hutoka katika orodha za vyama za kanda 8, ili viti vikaribiane na kura ambazo kila chama kimepata.

Miswada
Muswada hujadiliwa kwanza kwa misingi yake, kisha hufanyiwa marekebisho kwenye kamati, na mwishowe hupigiwa kura na Bunge zima kwa kubonyeza vitufe mezani. Baada ya hapo husubiri wiki 4, muda ambao wanasheria wa serikali wanaweza kuupinga katika Mahakama ya Juu ikiwa umevuka mipaka ya madaraka. Usipopingwa, hupelekwa kwa Mfalme kuidhinishwa.

Siwa
Siwa ya fedha iliyo mbele ya Spika ina dhahabu ya mito ya Uskoti na maneno manne: hekima, haki, huruma na uadilifu.

Vikao ni vya wazi, na wageni huingia bila malipo.