Jiwe la Ruhusa: Nani Alikuwa Anasimamia Urani ya Katanga?

Naandika kutoka Kolwezi, mji ambao umeme unakatika saa ile ile mtu ameanza kuandika.

Mwezi uliopita niliitwa kwenye usaili wa kazi ya serikali: kupima mionzi ya madini kabla kamioni hazijaondoka kwenda nje. Wenzangu tuliosoma nao kemia walicheka kabisa. Mmoja akaniambia: "Weye, batu banaenda ku makampuni, kule njo kuko mushahara. Weye unataka kupima mavumbi?" Nilicheka pia, lakini usiku sikulala vizuri. Kwa hiyo nikafanya kile tulichofundishwa darasani: kabla ya kujibu swali, tafuta limetoka wapi. Kazi hii ya kusimamia kitu ambacho hakiruhusiwi kuuzwa ovyo ilianza lini huku kwetu, na ilikuwa inafanywa kwa faida ya nani?

Tuanzie Shinkolobwe. Vijana wengi wanajua jina tu. Ni mgodi ulio magharibi ya Likasi, na leo uko Haut-Katanga, si Lualaba. Mwaka 1915, Mwingereza Robert Rich Sharp, aliyekuwa anatafuta madini kwa ajili ya Union Minière, aliona pale mawe ya rangi ya manjano na ya kijani. Ilikuwa urani. Uchimbaji ulianza 1921. Lakini wakati ule urani yenyewe karibu haikuwa na kazi. Waliitaka radiamu iliyo ndani yake, ambayo hospitali za Ulaya zilikuwa zinatumia kutibu kansa, na ambayo iliuzwa kwa gramu kwa bei ya kutisha. Jiwe lilitoka Katanga, likasafiri mpaka Olen, Ubelgiji, na huko ndiko radiamu ilitolewa kuanzia 1922. Ndani ya miaka michache bei ya radiamu duniani iliporomoka na viwanda vya Marekani vilivyokuwa vinaitengeneza vikafunga milango, kwa sababu hakuna jiwe lililoweza kushindana na la kwetu. Mengine yalikuwa na oksidi ya urani hadi asilimia 65. Kwingineko wachimbaji wanashangilia wakipata chini ya asilimia moja.

Na urani iliyobaki baada ya kutoa radiamu? Ilitumika kutia rangi kwenye vioo na vyombo vya udongo. Zaidi ya hapo, takataka. Kwa miaka karibu ishirini, kitu ambacho baadaye kingelindwa kwa jeshi na majasusi kilirundikwa nje kama changarawe ya kujengea. Watu weusi walikuwa wanalichagua jiwe hilo kwa mkono, wanalitia kwenye magunia na kuyabeba. Hakuna sheria iliyowaangalia. Mwishoni mwa miaka ya 1930 soko likawa dogo, mgodi ukasimamishwa, maji yakaingia.

Halafu Desemba 1938, Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann wakagundua kwamba kiini cha urani kinaweza kupasuka. Agosti 1939 Einstein alitia sahihi barua ile maarufu kwa Rais Roosevelt, na ndani yake Kongo ya Wabelgiji imetajwa kuwa chanzo muhimu kuliko vyote cha urani. Nilipoisoma mara ya kwanza nilirudi nyuma kuhakikisha. Nchi yetu ndani ya barua ya Einstein! Ila hakuna hata mtu mmoja wa Kongo aliyeulizwa neno.

Msimamizi wa kwanza wa kweli wa urani hii hakuwa mtu wa serikali. Alikuwa mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier. Mwezi Mei 1939, kule London, mwanasayansi wa serikali ya Uingereza, Sir Henry Tizard, alimwonya kwamba ana mkononi kitu ambacho kikianguka kwa adui kinaweza kuleta maafa. Sengier hakusubiri kuandikiwa amri. Mwaka 1940, Ubelgiji ikiwa imeshavamiwa, aliagiza tani zaidi ya 1,000 za jiwe bora zipelekwe kwa reli mpaka bandari ya Lobito, Angola, na kutoka hapo kwa meli mpaka New York. Zikahifadhiwa katika ghala la Staten Island ndani ya mapipa ya chuma. Zikakaa pale karibu miaka miwili bila wenyewe Wamarekani kuzishughulikia. Septemba 1942, Kanali Kenneth Nichols wa mradi wa bomu alimfuata ofisini kumuuliza kama anaweza kusaidia kupata urani. Jibu likawa: ipo hapa hapa mjini. Inasimuliwa kwamba hawakumaliza saa moja, na mkataba wa kwanza uliandikwa kwenye karatasi ya manjano ya kawaida.

Mimi Sengier simpendi wala simchukii. Kama msimamizi alifanya kazi safi: alijua kitu kiko wapi, kiasi gani, na nani asikipate. Hayo ndiyo maswali matatu ya kila mtu anayesimamia kitu cha hatari, kiwe urani, baruti au dawa za usingizi za hospitali. Ila swali la nne hakujiuliza: anayekibeba anapata nini mwilini?

Baada ya hapo serikali za wengine zikaingia kwa nguvu zote. Mgodi ulifunguliwa tena, maji yakapigwa pampu. Majasusi wa Marekani waliletwa Kongo kuhakikisha hakuna gunia linalopotea kwenda kwa Wajerumani, na wengine walijifanya wanafuatilia magendo ya almasi. Septemba 1944 Ubelgiji, Marekani na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya siri, kwamba urani ya Kongo ni ya kwao kwanza kwa miaka kumi. Sehemu kubwa ya urani iliyoangukia Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Shinkolobwe. Mwaka uliofuata Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani. Waliochagua jiwe kwa mkono, majina yao hatuna.

Uhuru ulipokaribia, 1960, Union Minière ilifunga mgodi na kumwaga zege kwenye shimo kuu. Fikiria hilo kidogo. Ndio uamuzi wa mwisho wa usimamizi wa kikoloni: nchi inapewa bendera, na shimo linapewa zege.

Lakini elimu ilikuwa imeshaachwa mlango wazi, na hapa ndipo ninapojisikia vizuri kidogo. Mwaka 1959 Chuo Kikuu cha Lovanium, Léopoldville, chini ya Monsinyori Luc Gillon, padri aliyekuwa pia mwanafizikia, kiliwasha kinu cha nyuklia kilichoitwa TRICO. Kilikuwa cha kwanza Afrika nzima. Mwaka 1972 kikaja cha pili, chenye nguvu zaidi. Kutoka kwenye mti huo ndipo ilikua Commissariat général à l'énergie atomique, CGEA kwa kifupi, na Wakongo wa kwanza waliofanya kazi ya kudhibiti mionzi kama kazi ya serikali yao wenyewe. Nchi ilijiunga na mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia mwaka 1970. Kwenye karatasi tulikuwa sawa.

Karatasi ni karatasi. Miaka ile ile ya 1970, vijiti viwili vya fueli vya kinu cha Kinshasa vilipotea. Kimoja kilikamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa watu wa mafia waliokuwa wanakitafutia mnunuzi. Baba mdogo aliponisimulia nilidhani ananitania.

Baba mdogo njo mutu mwenyewe wa habari hii, sasa nimfikie. Alifanya kazi ya kupima mionzi karibu miaka ishirini, kwenye idara ambayo sitaitaja, na sasa amestaafu anafuga bata Manika. Alianza wakati mbaya. Gécamines ilikuwa imeanguka, mishahara haiji, na watu kwa maelfu walikuwa wameingia mashimoni na sururu kutafuta kobalti, wale tunaowaita ba-creuseur. Wengi walikwenda Shinkolobwe. Hawakufuata urani. Walifuata kobalti, ila pale mawe mawili yanalala kitanda kimoja.

Serikali iliamka. Sheria namba 017/2002 ya Oktoba 2002 iliweka kwa mara ya kwanza kanuni kamili za kulinda watu dhidi ya mionzi na kulinda vitu vya nyuklia. Januari 2004 Rais Joseph Kabila akatoa amri ya kufunga Shinkolobwe kwa uchimbaji wa mkono. Amri ikasomwa redioni, na watu wakaendelea kuchimba. Julai mwaka ule ule sehemu ya mgodi ikaporomoka, watu wakafa. Mwezi Agosti kijiji kilichokuwa kando kikabomolewa, na maelfu wakasambaa, wengine wakafika mpaka huku kwetu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuja mwishoni mwa 2004 kuchunguza.

Na 2007? Madini yenye mionzi yaliyokamatwa Likasi yaliamriwa yarudishwe yakazikwe Shinkolobwe. Zaidi ya tani 15 zikaishia kwenye mto Mura, karibu na Likasi. Kukamata walikamata. Mashine ilisema kweli, mpimaji aliandika kweli, halafu kamioni ikageukia mtoni. Nikimwuliza baba mdogo juu ya mwaka ule anabadilisha habari, anaita bata.

Lakini msifikiri hii ni hadithi ya Likasi peke yake. Nyumba yetu iko dakika chache kutoka Musonoi. Watu wa jiolojia duniani wanaijua Musonoi kwa sababu ya madini ya urani na selenium yaliyotambuliwa pale kwa mara ya kwanza: guilleminite, demesmaekerite, marthozite, derriksite. Majina ya Wazungu, jiwe la kwetu. Yaani urani iko ndani ya udongo wetu wa shaba, kidogo kidogo, huku nyingi, kule hakuna.

Kidogo hicho kina hesabu yake. Shirika la kimataifa la nishati ya atomiki linaweka mpaka wa bekereli 1 kwa gramu kwa urani ya asili: chini ya hapo jiwe ni jiwe tu, juu ya hapo lazima msimamizi aliangalie. Nilikaa na kalamu. Gramu moja ya urani 238 inatoa karibu bekereli 12,400. Kwa hiyo mpaka unavukwa na gramu 80 tu za urani ndani ya tani nzima ya madini. Gramu 80! Kiganja cha chumvi ndani ya kamioni ndogo. Macho hayaoni, pua hainusi. Baba mdogo anasema: "Ile jiwe haipigake makelele. Mashine njo mudomo yake."

Ndiyo maana Novemba 2018, hapa hapa Kolwezi, kampuni kubwa ya Kamoto Copper Company ilisimamisha kuuza nje kobalti yake. Urani iliyokuwemo ilizidi kiwango kinachokubaliwa kupita kwenye bandari za Afrika. Kampuni yenyewe ilisema si hatari kwa afya, ila bandari ni bandari. Kama kampuni yenye maabara na mainjinia inashtukizwa na urani, je depo la Musompo, ambako gunia linanunuliwa likiwa bado na jasho la mchimbaji, ambaye jioni ile ile anarudi kulala chumba kimoja na watoto na magunia yake?

Baba mdogo alinionyesha mkono wake wa kulia alioshikia mashine. Alisema wakati fulani betri alinunua kwa pesa yake, kwa sababu ofisi ilisema subiri. Usiku mmoja kwenye bariera alipima kamioni, mashine ikapiga kelele, akakataa kuandika. Dereva akatelemka na bahasha. Akakataa na bahasha. Asubuhi alikuta kamioni haipo, karatasi ina sahihi ya mtu mwingine, na baada ya wiki mbili yeye mwenyewe akahamishwa mbali, mwaka mzima bila familia. Nikamwuliza: sasa ulikuwa unapima kwa nini? Akanijibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba usiku ule aliwaamsha vijana wawili waliokuwa wamelala juu ya magunia, akawaambia watelemke, wakatelemka.

Wale vijana hawakuwa wamejua chochote. Walifikiri anawafukuza kwa sababu hawakulipa nauli.

Usaili wangu ni Jumanne. Nilimwomba baba mdogo anipe maswali watakayoniuliza. Akasema maswali yao nitayajibu, kemia ninayo. Yeye alitaka mimi ndiye niwaulize mawili: mashine mlizonazo zilihakikiwa lini mara ya mwisho, na mtu akikataa kuandika, karatasi inaenda kwa nani?

Nimeyaandika nyuma ya diploma yangu, ile kopi, si ile ya kweli. Mama angeniua.