Lokole, Kalamu na Watu Wazima wa Yanonge

Msafiri ashukaye mto kwa mtumbwi kutoka Kisangani, akiisha kuipita Yakusu na kabla hajafika Yangambi, huwasili Yanonge, katika nchi ya Walokele, watu wa mto ambao tangu kale uvuvi, biashara ya masoko na ufasaha wa maneno vilikuwa kwao kazi tatu zisizotengana. Nataka kuizungumza hiyo kazi ya tatu, kwa sababu watu wengi hudhani ya kuwa elimu ya mtu mzima ni jambo jipya katika pande hizi, ilhali kwa hakika elimu ya mtoto darasani ndiyo iliyo mgeni.

Katika Kongo neno “humanités”, waliloliacha Wabelgiji, ni jina la masomo ya sekondari, ambayo kijana huyamaliza, akapokea diploma yake ya serikali, kisha akayapa kisogo. Jina hilo limetia hasara kuliko idhaniwavyo, maana limewazoesha watu kuamini kwamba ilimu ya lugha, nasaba, tarehe na hukumu ni mfano wa sare ya shule, ambayo mtu mwenye mvi akiivaa huchekwa. Wazee wa mto hawakuiona hivyo.

Ushahidi wao ni lokole. Hilo ni gogo la mti lililochongwa likawa tupu ndani kwa ufa mwembamba, lenye midomo miwili ya unene mbalimbali, mmoja ukitoa sauti ya juu na wa pili sauti ya chini. Na kwa kuwa Kilokele ni lugha ambayo maana hutegemea kupanda na kushuka kwa sauti, mpigaji aliweza kulisemesha gogo hilo habari ya kifo, ya mkutano au ya mgeni, zikasikika hata maili 6 au 7 usiku mtulivu. Walakini sauti mbili ni chache kwa maneno mengi: mwezi na kuku, mathalani, hugongwa sawasawa. Kwa hiyo kila neno fupi lilipewa sifa ndefu ya kulipambanua, mwezi ukasifiwa kwa kuitazama ardhi na kuku kwa mlio wake, na kila mtu akawa na jina la lokole lililokusanya nasaba yake, la baba na la upande wa mama. Kulihifadhi kundi lote hilo la sifa na majina, na kujua lipi lisemwe mbele ya nani, hakukuwa kazi ya msimu mmoja. Mtoto alianza kwa kuigiza, lakini aliyeaminiwa kutangaza msiba wa mkubwa alikuwa mtu aliyekwisha kukomaa. Ikiwa hilo si darasa la fasihi na historia, basi sijui darasa ni kitu gani.

Kalamu ilikuja kwa njia mbili, zote zenye machungu. Waungwana, yaani wafuasi wa wafanyabiashara Waarabu waliotoka pwani ya mashariki, walishuka na herufi za Kiarabu, Kiswahili na Kurani, lakini walishuka pia na bunduki, na mwaka 1883 msafiri Henry Stanley alivikuta vijiji vilivyochomwa karibu na Yangambi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliyefanywa wali wa Maporomoko ya Stanley, penye Kisangani, mwaka 1887, alirejea Unguja, na uzeeni akaketi akaandika maisha yake kwa Kiswahili. Yakatolewa kwa juhudi ya Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Kitabu hicho ni fahari ya lugha yetu, na mwandishi wake alikuwa mtu wa makamo makubwa. Lakini ndani yake mto unaelezwa na aliyeushinda.

Njia ya pili ilikuwa Yakusu, ambako wamisionari wa Kibaptisti kutoka Uingereza waliweka kituo katika miaka ya 1890, wakatuma walimu wa vijijini na vitabu vya Kilokele. Mmoja wa waliokuja baadaye, John Carrington, aliyefika mwaka 1938, alijifunza lokole akiwa mtu mzima, na mwaka 1949 akachapisha kitabu juu ya ngoma zisemazo za Afrika. Namhesabu miongoni mwa wanafunzi wa kweli wa mto huu, kwa kuwa alikubali kufundishwa na watu ambao wengi wa rangi yake waliwahesabu kuwa wa kufundishwa tu. Tena aliona kwa huzuni ya kwamba shule ile ile iliyowapa vijana herufi ilikuwa ikiwaondolea masikio.

Yangambi ikapata mwaka 1933 taasisi kubwa ya uchunguzi wa kilimo, na watu wazima wakafundishwa kazi. Aliyetaka zaidi ya kazi alijitafutia mwenyewe. Ndivyo alivyofanya Patrice Lumumba, aliyefika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, mwaka 1944 na elimu ndogo ya shule, akawa karani wa posta, na nje ya saa za kazi akajitolea kutunza maktaba na kusoma kwa bidii. Chuo kikuu kikafunguliwa mjini humo mwaka 1963. Lakini marekebisho ya mwaka 1971 yalipoviunganisha vyuo vikuu vya nchi, masomo ya fasihi yakakusanywa Lubumbashi, mbali mno na mto wa Walokele.

Ombi langu kwa walimu wa Kisangani ni hili: shukeni hadi Yanonge baada ya soko, mwasomee wazee kwa sauti kile kitabu cha Tippu Tip, kisha mwaache wakijibu kwa majina ya vijiji na ya nasaba wanayoyajua. Na aliye bado na ustadi wa lokole apewe kiti cha mwalimu, angali hai.