Kamera isiyo na kioo: Fedha itangulie kwenye lenzi

Na Mwandishi Wetu

SAA tatu usiku, katika ukumbi wa harusi jijini Dar es Salaam, taa kubwa huzimwa na kubaki zile za rangi zinazozunguka juu ya jukwaa. Maharusi huingia wakicheza, ndugu na jamaa wakiwasindikiza kwa vigelegele, na mpiga picha aliyelipwa kwa kazi hiyo ana dakika chache tu za kunasa tukio ambalo halitarudiwa.

Hapo ndipo baadhi ya wapiga picha waliojinyima ili kununua kamera za kisasa zisizo na kioo hugundua kuwa picha zao hazitofautiani sana na zile za kamera ya zamani waliyoiuza. Ama zimejaa chenga, ama bibi harusi anaonekana kama kivuli kilichopeperushwa na upepo.

Mara nyingi kosa si la kamera, bali ni la lenzi iliyokuja nayo ndani ya boksi.

Kamera zinazozungumziwa katika makala haya ni zile za sensa kamili, yaani sensa yenye upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Hivyo ni vipimo vya picha moja ya filamu ya milimita 35, ambayo kamera ya Leica iliipa umaarufu kuanzia mwaka 1925. Kile kioo kidogo kilichokuwa kikiinuka ndani ya kamera kila picha ilipopigwa kimeondolewa, na badala yake mpiga picha hutazama skrini ndogo inayomwonyesha kile hasa sensa inachokiona.

Sony ilitangulia mwaka 2013 kwa A7 na A7R. Nikon na Canon zilifuata mwaka 2018, ya kwanza kwa Z6 na Z7 na ya pili kwa EOS R. Mwaka huohuo Leica, Panasonic na Sigma zilitangaza ushirika wa kutumia aina moja ya mdomo wa kamera, unaoitwa L.

Neno hilo "mdomo" ni muhimu. Ni ile pete ya chuma iliyo mbele ya kamera ambayo lenzi hufungwa juu yake, na kila kampuni ina ya kwake. Mnunuzi anayechagua kamera huwa, bila kujua, amechagua pia lenzi atakazozinunua kwa miaka mingi ijayo. Kamera hupitwa na wakati baada ya miaka michache, lakini lenzi nzuri hufanya kazi kwa miaka 20 au 30.

Kuondolewa kwa kioo kumeisogeza lenzi karibu na sensa. Katika mfumo wa zamani wa Canon, unaoitwa EF, umbali kutoka mdomo hadi sensa ulikuwa milimita 44. Katika mfumo mpya wa RF ni milimita 20. Nikon ilishuka kutoka milimita 46.5 hadi 16, na Sony inatumia milimita 18. Ukaribu huo huwapa wahandisi uhuru zaidi, hasa katika lenzi za kuona eneo pana.

Tofauti inayogusa mfuko ni nyingine. Tangu mwaka 2011, Sony imekuwa ikitoa taarifa za mdomo wake wa E kwa watengenezaji wengine, na ndiyo maana lenzi za Sigma na Tamron kwa ajili ya kamera zake ni nyingi. Canon ilishika njia tofauti. Mwaka 2022, kampuni ya Viltrox ya China iliacha kuuza lenzi zake za RF baada ya kutakiwa kufanya hivyo, Canon ikidai kuwa hatimiliki zake zimeingiliwa. Mwaka 2024 iliwaruhusu Sigma na Tamron, lakini lenzi zilizotangazwa kwa ruhusa hiyo zilikuwa za sensa ndogo. Nikon iko katikati, na tangu mwaka 2022 Tamron inatengeneza kwa ruhusa yake lenzi za sensa kamili.

Kwa asiyemiliki lenzi hata moja, hoja hiyo peke yake inatosha kumvuta upande wa Sony. Lakini wapiga picha wa harusi wengi si wageni wa kazi hii. Wana begi lenye lenzi tatu au nne walizozikusanya kwa taabu, na swali lao la kwanza ni kama waziuze.

Mwenye lenzi za Canon za EF asiharakishe. Mfumo huo, ulioanza mwaka 1987, tangu mwanzo uliwasiliana na kamera kwa umeme na kila lenzi ya kulenga yenyewe ilikuwa na mota yake. Kwa hiyo adapta ya Canon ya kuunganisha EF na kamera za RF ina kazi ndogo ya kufanya: kujaza ile nafasi ya milimita 24 iliyopungua na kupitisha mawasiliano. Ndani yake hamna kioo chochote, hivyo haipunguzi ung'avu wa picha, na uzito wake ni gramu 110 tu.

Lenzi ya EF ya milimita 85 yenye f/1.8, iliyotoka mwaka 1992, hulenga vizuri kwenye EOS R kwa njia hiyo. Kasoro yake ya kuacha mstari wa zambarau kwenye kingo za vitu vinavyong'aa huja nayo, lakini picha za uso bado ni nzuri.

Mwenye lenzi za Nikon anapaswa kuwa mwangalifu zaidi. Adapta za Nikon, FTZ ya mwaka 2018 na FTZ II ya mwaka 2021, hazina mota ndani. Lenzi zenye alama ya AF-S zina mota zake na hulenga zenyewe kama kawaida. Zile za kale za AF na AF-D zilizoea kuzungushwa na mota ya kamera, na zikifungwa kwenye adapta hizo hubaki za kulenga kwa mkono. Wapo waliojua hilo siku ya kazi.

Zipo pia adapta za kuvuka kampuni, kwa mfano za kufunga lenzi za Canon EF kwenye Sony. Kwa picha za kutulia zinafaa. Kwa mtu anayekimbizana na maharusi, au anayerekodi video, si za kutegemewa.

Turudi ukumbini, kwa sababu hapo ndipo fedha hupotea au huokolewa. Uwezo wa lenzi kupitisha mwanga huandikwa kwa namba ya f, na namba inavyokuwa ndogo ndivyo tundu lilivyo kubwa. Kupata tofauti ya mwanga kati ya lenzi mbili, gawanya namba kubwa kwa ndogo, kisha zidisha jibu kwa jibu hilohilo. Kutoka f/4 hadi f/2.8 mwanga huongezeka mara mbili. Kutoka f/2.8 hadi f/1.4 huongezeka mara nne.

Sasa tuchukue lenzi ya Canon RF ya milimita 24 hadi 105 iliyotoka mwaka 2020, ile nyepesi ya gramu 395. Namba yake ni f/4 ikiwa haijavutwa, na hufika f/7.1 ikivutwa hadi mwisho. Hapo hupitisha mwanga pungufu kwa zaidi ya mara sita kuliko lenzi ya f/2.8 iliyovutwa urefu uleule.

Eneo la sensa kamili ni takriban mara 2.6 ya sensa ndogo zilizo kwenye kamera nyingi za Canon za bei nafuu, na hiyo ndiyo faida ambayo mnunuzi ameilipia. Aliyetoka kwenye kamera ndogo yenye lenzi ya f/2.8, akanunua kamera ya sensa kamili na kuitumia kwa f/7.1, ameirudisha faida hiyo yote dukani na kuongeza juu yake.

Ili kumnasa anayecheza bila ukungu, pazia la kamera linapaswa kufunguka na kufunga kwa takriban sehemu moja ya 200 ya sekunde. Ikiwa lenzi ya f/2.8 inahitaji ISO 3200 kwa kasi hiyo, ile ya f/7.1 itahitaji ISO ya takriban 20,000. Chenga zinazolalamikiwa na wateja zinatoka huko.

Wauzaji hupenda kujibu hoja hii kwa kutaja kituliza mtikisiko, ambacho Sony ilikiweka ndani ya kamera ya sensa kamili mwaka 2014 katika A7 II, na Canon mwaka 2020 katika R5 na R6. Ni kifaa kizuri sana, lakini hutuliza mkono wa mpiga picha tu. Shangazi anayetunza huku akicheza hakimhusu.

Je, basi kila mtu anunue lenzi ya bei kubwa? Hapana, na mfano ulio wazi ni lenzi mbili za Canon RF za milimita 50. Ya f/1.2, ya mwaka 2018, ilitangazwa Marekani kwa dola 2,299 na ina uzito wa gramu 950. Ya f/1.8, iliyotangazwa mwaka 2020, ilikuwa dola 199 na gramu 160. Bei imezidi mara 11 na zaidi. Mwanga umezidi mara mbili na robo. Ile kubwa ni bora kwa ung'avu hadi kwenye pembe za picha na ni imara zaidi, ila kwa anayeanza, ile ndogo ndiyo lenzi ya kwanza ya kununua kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna na jambo ambalo sifa za f/1.2 na f/1.4 hulificha. Lenzi ya milimita 85 ikifunguliwa hadi f/1.4, umbali wa mita 2, sehemu inayoonekana kwa ung'avu ina kina cha takriban sentimita 5. Bwana harusi akisimama nusu hatua nyuma ya mkewe, mmoja wao hataonekana vizuri. Tundu kubwa ni akiba ya gizani na silaha ya picha ya mtu mmoja. Kwa picha ya familia lazima lipunguzwe hadi f/5.6 au zaidi, na taa iwashwe.

Kwa kazi ya harusi, lenzi ya kuvuta ya milimita 24 hadi 70 yenye f/2.8 imekuwa mhimili kwa miaka mingi, na hakuna sababu ya kuiacha. Ile ya Canon RF ya mwaka 2019 ina gramu 900. Mwaka 2024 Canon ilileta ya milimita 28 hadi 70, f/2.8 vilevile, yenye gramu 495 na bei ya kuanzia ya dola 1,099, chini ya nusu ya dola 2,299 za ile kubwa. Kinachopotea ni upana wa milimita 24, ambao huhitajika sana kwenye chumba kidogo anapopambwa bibi harusi. Mwenye lenzi ya zamani ya EF ya milimita 24 hadi 70 hana haja ya kuchagua kati ya hizo. Anunue adapta, na fedha inayobaki iende kwenye milimita 85.

Kwa anayenunua lenzi iliyotumika, kuna adui ambaye wakazi wa pwani wanamfahamu, yaani unyevu. Kuanzia Tanga hadi Mtwara, na visiwani Unguja na Pemba, kuvu huota ndani ya lenzi iliyofungiwa kabatini na kutandaa kama utando wa buibui. Akichelewa kuonekana, hula ule utando wa kemikali uliopakwa juu ya kioo, na hata fundi akisafisha alama hubaki. Lenzi ihifadhiwe katika boksi la plastiki linalofunga vizuri, lenye vipakiti vya kunyonya unyevu. Begi la ngozi halifai, kwa kuwa ngozi hutunza maji.

Dukani, mnunuzi afungue vifuniko vyote viwili, amulike kwa tochi ya simu kutoka upande mmoja na kutazama kutoka upande wa pili, akiigeuza lenzi taratibu. Kisha aifunge kwenye kamera yake mwenyewe, si ya muuzaji, apige picha za karibu na za mbali kwa tundu lililo wazi kabisa, na azikuze kwenye skrini kabla ya kutoa fedha.