Mhusika mkatili na mhusika mwema katika gemu za uigizaji

Mhusika mkatili na mhusika mwema ni njia mbili anazochagua mchezaji wa gemu za uigizaji anapoamua mtu wake awe wa namna gani: wa kuokoa au wa kuangamiza, wa kulipa deni au wa kudhulumu. Gemu za aina hii hazifanani na zile za mpira na mbio za magari zinazojaza vibanda vya gemu mijini. Humpa mchezaji mtu mmoja wa kukaa naye kwa makumi ya saa, humpa na maneno ya kuchagua kila anapokutana na mwenye shida, na baadaye humrudishia matokeo ya alichochagua. Makala hii inaitazama mada kutoka Chemba, wilaya ya Mkoa wa Dodoma iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, kwa sababu nyanda hizi za kati zina mifano ya zamani ya mtu kuvaa ukali asiokuwa nao siku zote. Mifano hiyo inagusa swali ambalo watunzi wa gemu wamehangaika nalo kwa miaka 40: ukatili wa kuigiza una kazi gani?

Asili

Chimbuko ni mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mchezaji alimwandikia mtu wake msimamo. Mwanzoni misimamo ilikuwa mitatu tu, ya utaratibu, ya vurugu na ya katikati; wema na uovu viliongezwa baadaye katika muongo huohuo. Kwa hiyo uovu uliingia kama sehemu ya wasifu, jambo la kujaza kwenye karatasi kabla safari haijaanza, sawa na urefu au silaha.

Aliyeligeuza jambo hilo ni Richard Garriott, mtunzi wa Ultima IV (1985). Gemu yake haina adui mkuu wa kuuawa mwishoni. Mchezaji anatakiwa kukua katika fadhila nane, zikiwemo uaminifu, huruma, haki na unyenyekevu. Mahali pamoja anakutana na mwanamke kipofu anayeuza dawa za uganga, na yeye mwenyewe ndiye anayehesabu sarafu za kulipa. Akipunja, kipofu hasemi kitu, dawa zinapatikana, safari inaendelea. Ila kompyuta imeandika, na deni litadaiwa mbele, mchezaji akiwa ameshalisahau. Kati ya mitego yote ya maadili iliyotegwa kwenye gemu tangu wakati huo, huu wa kipofu bado ni miongoni mwa ile bora, kwa kuwa hauna kelele.

Gemu zilizofuata zilipenda kelele. Katika Star Wars: Knights of the Old Republic (2003) anayefuata njia ya giza hupauka uso. Katika Fable (2004) mwovu huota pembe na mwema huzungukwa na nuru kichwani. Katika Fallout 3 (2008) mchezaji anaweza kuulipua kwa bomu la nyuklia mji mzima uitwao Megaton, tena kwa malipo. Toleo la Japani liliondolewa uwezekano huo.

Wachezaji huchagua nini

Asiyecheza gemu hudhani kwamba mtu akipewa nafasi ya kuua bila kushtakiwa ataua. Takwimu zinasema vingine. Mwaka 2020 John Ebenger, aliyewahi kufanya kazi katika studio ya BioWare, alieleza kwamba kiasi cha asilimia 92 ya wachezaji wa gemu ya studio hiyo, Mass Effect, walifuata njia ya uungwana, na akasikitika kidogo, maana kazi kubwa ilikuwa imefanywa kuandaa maneno na matukio ya njia ya ukali. Mtafiti Amanda Lange, aliyewahoji wachezaji zaidi ya 1,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2014, alikuta mwenendo unaofanana na huo: wengi huanza kwa wema, na wakirudia gemu ndipo hujaribu uovu ili waone kilichofichwa huko.

Mtu akicheza mara ya kwanza anacheza kama yeye mwenyewe, au kama yule ambaye angependa kuwa. Mara ya pili anacheza kama mtazamaji. Ukatili wa namna hiyo ni udadisi zaidi kuliko tabia, na ndiyo maana si haki kumhukumu kijana kwa alichokifanya kwenye skrini. Tena wako wanaojaribu ukatili wakashindwa. Mtafiti Matthew Grizzard na wenzake walionyesha, pia mwaka 2014, kwamba waliocheza upande wa uovu walipata hisia za hatia, na hatia hiyo ikaenda pamoja na kuyajali zaidi maadili waliyokuwa wameyavunja kwenye gemu.

Bei ya ukatili

Ubaya wa gemu nyingi ni kwamba ukatili ndani yake ni wa bei rahisi. Mchezaji huseva, huua, hutazama kinachotokea, kisha hurudi pale aliposeva kana kwamba hakuna aliyekufa. Na pengine njia ya ukatili imeandikwa kivivu: mwema ana maneno ya hekima, mkatili ana matusi tu.

Watunzi wachache wamelikabili hili kwa dhati. Toby Fox, katika Undertale (2015), alitengeneza gemu inayoweza kumalizwa bila kuua kiumbe hata kimoja. Anayeamua kuwamaliza wote anakuta miji mitupu na muziki uliopotoka, na akianza upya gemu inakumbuka; hata akicheza kwa upole baada ya hapo, mwisho wake umeshatiwa doa. Studio ya 11 bit ya Warsaw ilitoa This War of Mine mwaka 2014, ikichota katika mzingiro wa Sarajevo. Mchezaji huwaongoza raia waliojificha kwenye nyumba iliyobomoka, na usiku humtuma mmoja kutafuta chakula. Inapotokea kwamba chakula kilichobaki ni cha wazee wawili wasio na ulinzi, kinaweza kuchukuliwa. Aliyekichukua hurudi nyumbani, hukaa chini, na siku zinazofuata huenda asitake kula wala kusema. Mwaka 2020 serikali ya Poland iliiingiza gemu hiyo katika orodha ya kazi zinazopendekezwa shuleni.

Baldur's Gate 3 (2023) ya studio ya Larian inatoza bei ya aina nyingine. Ukiwasaliti wakimbizi waliokuomba ulinzi, baadhi ya wenzako wa safari wanakuacha, na pamoja nao zinaondoka hadithi zao zote. Mkatili anabaki na gemu fupi zaidi, yenye watu wachache wa kuzungumza nao.

Simba wa Usandawe

Sehemu ya magharibi ya Chemba, kuzunguka Kwa Mtoro na Farkwa, ni nchi ya Wasandawe, watu ambao lugha yao ina vidoko na ambao kwa karne nyingi waliishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Ibada yao iitwayo simbo iliandikwa na Eric ten Raa, mtafiti aliyekaa nao katika miaka ya 1960. Ngoma hupigwa, wachezaji huingia katika hali ya kupandwa, na husadikiwa kwamba wamekuwa simba. Mwenendo wao hugeuka wa mnyama, ngurumo pamoja. Kazi ya simba hao ni kuukabili uchawi. Mtaalamu wa michoro ya miambani David Lewis-Williams, wa Afrika Kusini, aliihusisha simbo na baadhi ya michoro ya ukanda huu, ambao sehemu yake ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006.

Simbo ni ibada, na si sawa kuiita gemu. Hata hivyo ina kitu ambacho gemu nyingi hazina, nacho ni mipaka ya ukali. Anayekuwa simba anakuwa simba mbele ya watu, kwa ngoma inayojulikana, dhidi ya adui ambaye kijiji kizima kinakubaliana kuwa ni adui, na ngoma ikiisha anarudi kuwa jirani. Ukali wake ni wa kukopeshwa, na waliomkopesha wapo wanaangalia.

Ukivuka kwenda Singida, upande wa magharibi, unakutana na simba wa namna nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watu wengi waliuawa katika eneo la Wanyaturu kwa majeraha yaliyofanywa yaonekane ya makucha. Serikali ya kikoloni ilisema wauaji ni watu waliojifanya simba, ikawakamata watuhumiwa na kuwafikisha mahakamani. Mwanaanthropolojia Harold Schneider aliandika makala kuhusu watu-simba hao. Mnyama ni yuleyule. Huku anaigizwa hadharani, ngoma ikipigwa na jamaa wakitazama. Kule alikuwa kificho cha mauaji.

Hadithi za kusimuliwa nazo zina utaratibu wake. Sungura huiba, husingizia, humchoma fisi kwa moto wa hila, na wasikilizaji hucheka. Wanamruhusu kwa kuwa ni mdogo. Ukatili uleule angeufanya tembo, hadithi ingeharibika. Gemu nyingi hufanya kinyume: humpa uhuru wa kuonea mtu ambaye tayari ana nguvu kuliko kijiji kizima anachopita.

Jukwaani na kambini

Katika fasihi ya Kiswahili mfano ulio karibu zaidi ni tamthilia ya Ebrahim Hussein, Mashetani (1971). Marafiki wawili, Juma na Kitaru, wanaanzisha mchezo chini ya mbuyu: Juma ni shetani, Kitaru ni binadamu. Mchezo unaisha lakini Kitaru hatoki ndani yake. Ndoto mbaya zinamwandama, afya inayumba, na urafiki unaanza kuonyesha tofauti za kitabaka kati ya familia zao. Cha ajabu ni kwamba anayeugua ni yule aliyecheza upande wa binadamu. Hussein aliliandika hili kabla ya Dungeons & Dragons kuchapishwa, na bado ni onyo zuri kwa anayedhani hatari yote iko kwa anayevaa pembe.

Miongoni mwa watunzi wa gemu wa leo waliokulia Afrika Mashariki, Lual Mayen ameiondoa kabisa raha ya mkatili. Alizaliwa wazazi wake wakikimbia vita vya kusini mwa Sudan, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, na alijifunza kutengeneza programu kwa kompyuta ndogo ambayo mama yake aliikusanyia pesa kwa miaka mitatu. Gemu yake, Salaam, inamweka mchezaji katika nafasi ya mkimbizi anayekwepa mashambulizi huku nguvu zake zikipungua kwa njaa na kiu. Ilipangwa kwamba mchezaji anayenunua chakula au maji ndani ya gemu kwa pesa halisi awe amechangia msaada kwa mkimbizi aliye kambini kweli.